Kutolewa uvimbe wa kizazi kwa kamera: nani anahesabu maji yanayobaki mwilini?

Mleta uzi (nesi wa thieta, Tabora)

Habari za jioni wakuu. Wale wa nyumbani Unyamwezini, mwangaluka hata kama ni usiku.

Siku hizi kila nikikatiza Isevya au Ng'ambo nasimamishwa na swali moja: "Nesi, nimeambiwa uvimbe wangu unatolewa kwa kamera, sipasuliwi, na huenda nikarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kweli au nadanganywa?" Ni kweli. Fibroidi ikiwa imechomoza ndani ya chumba cha kizazi, au ikiwa ni polipu, yaani kinyama kilichoota kwenye utando wa ndani wa kizazi, daktari anapitisha kamera nyembamba ukeni, anavuka mlango wa kizazi, anaukata uvimbe vipande vipande na kuutoa. Ngozi ya tumbo haiguswi. Wala si jambo la juzi, Neuwirth na Amin waliripoti kukata fibroidi za ndani kwa njia hii mwaka 1976. Fibroidi iliyojificha katikati ya nyama au iliyoota nje ya kizazi ni habari nyingine, hiyo kamera ya chini haiifikii.

Kinachonileta hapa ni maji. Mgonjwa haelezwi habari zake, na hata baadhi yetu wa thieta tunayachukulia poa.

Kizazi kikiwa hakina mimba hakina uwazi ndani, kuta zake zimelaliana. Ukiingiza kamera hivyo hivyo utaona wekundu mtupu. Kwa hiyo tunapitisha maji kwa presha ili kuta ziachane, damu isafishwe na daktari aone anachokata. Maji yanaingia kwa mrija mmoja na kutoka kwa mwingine muda wote wa kazi, na kwa fibroidi kubwa mifuko mitatu ya lita tatu tatu inaweza kwisha bila mtu kushangaa. Mengi yanarudi kwenye chupa ya sakshoni, yaani mashine ya kuvuta maji, mengine yanachuruzika pembeni ya kamera hadi kwenye mfuko wa plastiki tunaoukinga chini ya makalio, na mengine yanaishia sakafuni.

Yasiyoonekana popote yako ndani ya mgonjwa. Kiwembe cha umeme kinapokata uvimbe kinafungua mishipa ya vena (inayorudisha damu kwenye moyo) ya ukuta wa kizazi. Presha ya maji ikiizidi presha iliyomo kwenye mishipa ile, maji yanaingia moja kwa moja kwenye damu, kama dripu ambayo hakuna aliyeiandika. Kiasi kidogo hupita kwenye mirija ya uzazi na kumwagikia tumboni, nacho baadaye hufyonzwa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu: yaliyoingia, toa yaliyorudi. Jibu ndilo pengo. Ugumu wote uko kwenye kujua yaliyorudi ni kiasi gani kwelikweli, na kwenye ujasiri wa kulitamka pengo kwa sauti wakati daktari anasema "bado kidogo tu, namalizia".

Tuone kwa tarakimu, huu ni mfano wa kufundishia. Tumetundika mifuko mitatu ya lita 3, jumla mililita 9,000. Wa tatu umebakiwa na 400, kwa hiyo zimetumika 8,600. Chupa za sakshoni zina 6,900, mfuko wa chini ya makalio una 700, jumla 7,600. Pengo ni 1,000. Daktari anageuka kutazama sakafu, anaona inang'aa kwa maji, anasema mengi yamemwagika. Labda. Lakini "mengi" si kipimo. Tukipangusa kwa mashuka tuliyoyapima yakiwa makavu, tukayapima tena yakiwa yameloa, gramu moja ni mililita moja. Tuseme yameongezeka gramu 250. Pengo sasa ni 750. Hapo ndipo tunaweza kuzungumza.

Na ukubwa wa 750 unategemea ni maji gani. Mashine za zamani za umeme wa monopola haziwezi kukata ndani ya maji ya chumvi kwa sababu chumvi inausambaza umeme. Zinataka maji yasiyo na chumvi: glaisini ya asilimia 1.5, sobitoli ya asilimia 3 au manitoli ya asilimia 5. Mashine za bipola, na zile zinazokata uvimbe kwa kisu kinachozunguka bila umeme, zinafanya kazi ndani ya maji ya chumvi ya kawaida, yale yale ya asilimia 0.9 mnayotundikiwa wodini.

Glaisini ikiingia kwenye damu inazimua sodiamu, yaani chumvi ya damu. Lita moja tu iliyofyonzwa inaweza kuishusha kwa takriban milimoli 10 kwa lita, na kawaida ya mtu ni 135 hadi 145. Ubongo unaanza kuvimba. Ndiyo maana miongozo ya vyama vya madaktari wa upasuaji huu, wa Marekani na wa Ulaya, inasema kwa mwanamke mwenye afya njema pengo likifika mililita 1,000 za maji ya aina ya glaisini, kazi isimame. Kwa maji ya chumvi ni 2,500. Mzee, au mwenye moyo au figo zenye shida, inashuka hadi 750 na 1,500.

Kwa hiyo mgonjwa wa mfano wetu, kama ni mzima na maji ni ya chumvi, tunaendelea. Kama maji ni glaisini na moyo wake si mzuri, tumeshafika mwisho.

Nakaribisha maswali. Wenzangu wa thieta mkiona nimepotoka, semeni.

Mdau wa Mwanga, Kigoma

Nesi shikamoo kwa elimu. Mke wangu amepewa rufaa kwenda Mwanza, kwenye karatasi wameandika laparoskopi. Hiyo nayo ni ya maji? Maana hapa nimeshaanza kutoka jasho.

Mleta uzi

Marahaba, na tulia kaka. Laparoskopi ni kamera ya kupitia tumboni, vitundu viwili vitatu karibu na kitovu. Kule tumbo linapanuliwa kwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kwa kawaida kwa presha ya milimita 12 hadi 15 za zebaki. Maji yanatumika kuosha tu na yanavutwa kwa sakshoni. Nayo tunayaandika, kwa sababu yakibaki tumboni yatafyonzwa, na kwa sababu bila kuyatoa kwenye hesabu huwezi kujua damu iliyopotea ni kiasi gani. Ila hatari ninayoizungumzia ya maji kusukumwa kwenye mishipa iliyokatwa ni ya kamera ya kupitia ukeni, yaani histeroskopi.

Kitu kimoja cha laparoskopi kinachochanganya watu: gesi ikiwa tumboni mkojo hupungua hata kama mgonjwa ana maji ya kutosha. Ukiona mfuko wa mkojo umekaa kimya ukaanza kumfungulia dripu mbio, unamjaza bure. Muulizeni daktari wenu kama mkeo anafanyiwa zote mbili siku moja, kuna wakati huwa hivyo kwa wanaotafuta mtoto.

Mzee wa Ujiji

Mimi nimekaa kwenye mkeka nasoma. Kumbe mtu anaweza kuzama maji amelala kitandani Tabora, na ziwa liko huku kwetu.

Mchangiaji mwingine

Nesi hapa nakupinga kidogo. Bipola zimeshaingia, maji ni normal saline, hayo ya chumvi ya kawaida, kitu kile kile mgonjwa wa kipindupindu anapigwa lita sita na anapona. Mnatisha kina mama bure wakimbilie kwa waganga wa mizizi.

Mleta uzi

Sikatai kwamba bipola imeleta nafuu kubwa. Mimi mwenyewe nikipewa kuchagua, nachagua bipola na maji ya chumvi. Ila mfano wako una tobo. Mgonjwa wa kipindupindu anapewa lita sita kwa sababu amezitoa lita sita. Huyu wa kizazi amekuja thieta hajapungukiwa na kitu. Tena mwingine usiku wa jana yake alishatundikiwa dripu kwa sababu alikatazwa kula.

Maji ya chumvi hayazimui sodiamu kwa namna ya glaisini, hilo ni kweli. Yakizidi yanakwenda kwenye mapafu. Oksijeni kwenye monita inaanza kushuka kutoka 99 kwenda 94, kwenda 90, mgonjwa anakohoa, anatoa mapovu yenye rangi ya waridi. Na kwa sababu kila mtu thieta ameambiwa "haya ni salama", hakuna aliyekuwa anaandika. Kikomo cha 2,500 kimewekwa kwa maji hayo hayo unayoyaita salama.

Nishawahi kuona karatasi ya thieta, siisemi ya wapi, iliyojazwa kwa maandishi mazuri kabisa: "Maji ya kusafishia: ya kutosha." Basi. Ya kutosha nini?

Mtu wa usingizi, Kigoma

Wakuu naomba niingie maana upande wangu umeguswa. Nesi umeeleza vizuri, ila kuna mahali thieta nyingi zinateleza, nako ni presha.

Kizazi kinahitaji kati ya milimita 70 na 100 za zebaki ili kifunguke daktari aone. Kwenye hospitali isiyo na pampu maalumu, presha hiyo tunaipata kwa kutundika mfuko juu. Mita moja juu ya usawa wa kizazi inatoa kama milimita 74. Ukipandisha stendi hadi mita 1.3 unapata karibu 96. Daktari akisema "sioni, pandisha", nesi anapandisha, na hakuna anayeandika kwamba imepandishwa. Wengine wanafunga mfuko wa presha wa kuminya dripu, ule wa kuongezea damu haraka, wanaujaza kwa mkono. Huo mimi naukataa kabisa kwa kazi hii, kwa sababu presha inayofika ndani hujui ni ngapi.

Kanuni inasema presha ya maji ibaki chini ya wastani wa presha ya damu ya mgonjwa. Presha ya 120 kwa 80, wastani wake ni kama 93 (ya chini unaihesabu mara mbili, kisha unagawa kwa tatu). Hapo maji ya 80 hayana neno. Sasa nimempiga ganzi ya mgongo, presha imeshuka 90 kwa 50. Wastani umekuwa kama 63. Maji ni yale yale 80, stendi haijaguswa, lakini sasa maji yana nguvu kuliko damu na yanaingia. Daktari hajui, kwa sababu yeye anaangalia skrini ya kamera na mimi naangalia skrini yangu. Kwa hiyo presha ikishuka kwangu, nasema kwa sauti: "Presha 90 kwa 50, shusheni maji." Sinong'oni.

Halafu kosa la pili linafuata hapo hapo. Mtu wa usingizi anaona 90 kwa 50, mkono unakimbilia kufungua dripu. Lita moja ya haraka. Ile lita haimo kwenye pengo la nesi lakini imo kwenye mwili wa mgonjwa. Kwenye kazi hizi mimi natumia dawa ya kupandisha presha, efedrini au fenilefrini, dripu inakwenda taratibu, na kila mililita yangu naisoma pamoja na za nesi.

Kwa nini basi napenda ganzi ya mgongo? Kwa sababu mgonjwa anaongea. Sodiamu ikianza kushuka atakwambia kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu, anahangaika, anauliza mara tatu yuko wapi. Kwenye glaisini anaweza kukwambia haoni vizuri. Akiwa amelala nusu kaputi dalili hizo zote hazipo, utaona oksijeni inashuka na mapigo yanabadilika, na wakati huo umeshachelewa.

Kitanda nacho kisiinamishwe kichwa chini kupita kiasi. Mtindo ule unashusha presha ya vena za nyonga, na mishipa iliyofunguka inanyonya maji na hata hewa. Mirija itolewe hewa yote kabla ya kuanza, na mfuko ubadilishwe kabla haujakauka. Kiputo kikubwa cha hewa kikifika kwenye moyo, hesabu zote za maji hazitakusaidia.

Nesi mwenzenu, Kasulu

Dada wa Tabora, ile hesabu yako ya mfano nina la kuongeza, na halitakufurahisha.

Mifuko ya lita 3 kiwandani hujazwa zaidi kidogo ya kilichoandikwa. Tuseme kila mmoja una ziada ya mililita 100. Mitatu ni 300. Kwa hiyo ulizotundika si 9,000, ni 9,300. Toa 400 zilizobaki, zimeingia 8,900. Yaliyorudi pamoja na ya mashuka ni 7,850. Pengo lako la 750 limekuwa 1,050, na kwa glaisini umevuka mstari hata kwa mwanamke mzima kabisa.

Tena ile chupa ya sakshoni haina maji matupu. Ina damu. Damu ya mililita 200 ikiwa mle, wewe umeihesabu kama maji yaliyorudi, na pengo limefichwa kwa 200 nyingine. Kosa la sakafu linakufanya udhani mgonjwa amenyonya mengi kuliko kweli. Kosa la mfuko na la damu linakufanya udhani amenyonya machache. La kwanza ndilo daktari analolikumbuka siku zote, sijui kwa nini.

Sisi tunapima mfuko kwenye mizani kabla ya kuutundika. Mizani ya kupimia watoto kliniki inatosha.

Mleta uzi

Haya sasa, ndiyo maana nikasema semeni. Mizani ya kliniki sikuwahi kuifikiria na kesho naenda kuiazima kabla mama wa kliniki hajaifungia.

Kuhusu damu nakubaliana nawe, na ndiyo maana pengo lisichukuliwe kama tarakimu takatifu. Kama liko 900 na kikomo ni 1,000, mimi nalihesabu kama limefika.

Kwa wasio wa thieta: kuna mashine zinazopima zenyewe. Mifuko inaning'inia kwenye mizani, chupa za sakshoni ziko kwenye mizani, pengo linaonekana kwenye skrini na kengele inalia. Hata hizo hazioni ya sakafuni. Pasipo mashine, miongozo inataka pengo litangazwe kila mfuko unapobadilishwa na kwa vipindi vifupi, kila dakika 10 ni sawa. Nesi anayefanya hivyo asipewe kazi nyingine. Ukimtuma akalete uzi wa kushonea stoo, akirudi hesabu imekufa. Nimeshabishana na wakubwa kwa hili mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na jibu ni lile lile, "watumishi hatutoshi". Basi siku hiyo tusifanye fibroidi kubwa, tufanye polipu.

Mwanafunzi wa uganga

Samahani wakubwa, shikamooni. Ikitokea sasa sodiamu imeshuka, mnafanyaje? Darasani tuliambiwa tusiipandishe haraka.

Mtu wa usingizi, Kigoma

Marahaba. Kwanza kazi inasimama. Si "namalizia kipande hiki". Maji yanafungwa, kamera inatoka, kizazi kinajibana chenyewe na mishipa inafunga. Oksijeni, katheta ya mkojo, damu ya kupima elektrolaiti (chumvi za damu kama sodiamu na potasiamu) inakwenda maabara kwa miguu ya mtu, isisubiri mhudumu wa saa kumi. Kama amejaa maji na presha inaruhusu, frusemaidi, dawa ya kukojosha.

Hilo la darasani ni la kweli, lakini lielewe vizuri. Onyo la kutopandisha haraka ni hasa kwa mtu ambaye sodiamu yake imekuwa chini kwa siku nyingi, ubongo umeshazoea. Huyu wetu imeshuka ndani ya saa moja, ubongo haujazoea chochote, unavimba. Akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, anahitaji maji ya chumvi nzito ya asilimia 3, kidogo kidogo, huku sodiamu ikipimwa mara kwa mara, na akipata nafuu unapunguza mwendo. Usimpe asilimia 3 mtu ambaye hujampima na hana dalili yoyote kwa sababu tu umeogopa.

Na kina mama ambao bado wanapata hedhi wana hatari ya pekee. Utafiti wa Ayus na wenzake wa mwaka 1992 uliangalia wagonjwa ambao sodiamu iliwashuka baada ya upasuaji, ukakuta kwamba wanawake ambao bado wanapata hedhi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa au kubaki na madhara ya kudumu ya ubongo kuliko wanaume, kama mara 25. Inadhaniwa homoni za kike zinauzuia ubongo kutoa sodiamu nje ya seli zake haraka. Sasa fikiria ni nani wanaotolewa fibroidi za ndani kwa wingi. Ni hao hao.

Sodiamu ipimwe kabla ya upasuaji pia. Ukikuta baadaye 128 na hujui alianza na ngapi, umebaki kubahatisha.

Mchangiaji mwingine

Nimesoma, narudisha kauli yangu ya kipindupindu. Sasa mbona daktari asikate haraka tu amalize kabla maji hayajaingia?

Mleta uzi

Swali zuri, na hapo sifa ni ya daktari anayejua kuchagua. Fibroidi inayoning'inia yote ndani ya chumba, daraja la 0, inakatwa kikonyo na mishipa inayofunguliwa ni michache. Ya daraja la 2, ambayo nusu yake au zaidi imezama kwenye nyama, ndiyo inayofungua mishipa mikubwa na kuchukua muda. Hiyo mgonjwa aambiwe mapema kwamba huenda ikatolewa kwa awamu mbili. Pengo likifika, tunaacha, tunarudi siku nyingine. Ndugu wanakasirika, "tumeuza mchele tumekuja, uvimbe umebaki nusu?" Najua inauma, hasa mtu akiwa ametoka Kaliua au Sikonge kwa nauli ya kukopa. Ila waelezwe kabla, si baada.

Kuna dawa za kusinyaza fibroidi wiki kadhaa kabla, na madaktari wengine huchoma vasopresini iliyozimuliwa sana kwenye mlango wa kizazi ili mishipa ijibane na maji yafyonzwe kidogo. Hiyo ya pili lazima mtu wa usingizi ajue, inaweza kuuchezea moyo.

Mama wa Urambo

Wanangu poleni na kazi. Mimi nina miaka 52, natumia dawa za presha mwaka wa nane huu, na nimeambiwa nina polipu inayonitoa damu wakati hedhi ilishakoma. Nimepangiwa kamera. Mnanishauri niache?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Usiache hata kidogo. Damu baada ya hedhi kukoma lazima ichunguzwe, na hicho kinyama lazima kipelekwe maabara kipimwe kama si kansa. Kuliacha hilo ni hatari kuliko maji yote tuliyoyasema hapa. Na polipu kwa kawaida ni kazi fupi, maji yanayopotelea mwilini huwa machache.

Ila nenda na daftari lako la kliniki ya presha, na majina ya dawa zote unazomeza, hasa kama kuna ya kukojosha, maana nyingine zinashusha sodiamu kabla hata ya thieta. Waambie kama unavimba miguu jioni au unalala na mito miwili ndipo upumue. Ukionana na daktari muulize tu: mtatumia maji gani, na kwa mtu wa presha kama mimi mtasimama yakifika ngapi? Asikuone mjuaji. Kwa umri wako na dawa zako, kama moyo au figo vina walakini, ategemewe kukutajia 1,500 kwa maji ya chumvi au 750 kwa glaisini. Akikujibu "usijali mama", muulize tena mbele ya nesi.

Mama wa Urambo

Marahaba mwanangu. Ya kukojosha ipo, nameza asubuhi. Na miguu inavimba nikisimama sana sokoni.

Mtu wa usingizi, Kigoma

Mama shikamoo. Hiyo ya kukojosha usiiache mwenyewe, wala usiimeze asubuhi ya upasuaji bila kuuliza. Waambie siku ya kupimwa na watu wa usingizi, wakupime sodiamu, potasiamu na figo kabla, na kwa hiyo miguu omba usikilizwe moyo. Ikibidi wakupeleke kwenye kipimo cha moyo kwanza, tarehe isogezwe, si tatizo.

Mama wa Urambo

Nimemwambia mjukuu aandike yote haya kwenye daftari. Napimwa Jumatatu.